Yasuke, Oishi na sisi wa shimoni: uaminifu wa samurai ni kwa nani?

Kwetu huku Kavumu, ukisema Katana, mtu anawaza mara moja Katana ya hapo mbele kwenye barabara ya Goma, kule kwenye hospitali ya Fomulac. Kwa Wajapani, katana ni upanga mrefu uliopinda kidogo, wenye makali upande mmoja. Majina hayo mawili hayana ujamaa wowote, yamekutana mdomoni tu. Lakini watoto wetu wamekwisha kuyaunganisha. Utawakuta kando ya njia ya Lwiro wanapigana kwa vijiti: mmoja anasema yeye ni samurai, mwenzake anaanguka chini na "kufa kwa heshima".

Mambo hayo wanayatoa kwenye nyumba za video. Na tusiwasingizie watoto peke yao. Hata kwenye makarieri, jioni jenereta ikianza kunguruma, wanaume waliotoka shimoni wanakaa kwenye mabenchi na matope bado miguuni, wanaangalia filme za Wajapani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mchimbaji anapenda samurai kuliko hata kobowi wa Marekani. Ninafikiri ni kwa sababu samurai anafanana naye. Ana bwana juu yake. Ana chombo chake cha kazi ambacho hakiachi. Na kifo kiko karibu naye kila siku.

Filme hizo zote zinazunguka neno moja: heshima. Na heshima hiyo inajionyesha kwa uaminifu. Samurai mzuri hamwachi bwana wake, hata ikibidi afe. Vijana wetu wanalipenda neno hilo, na mapatroni wanalipenda zaidi. Ndiyo maana tulichunguze vizuri. Uaminifu kwa nani? Mpaka wapi? Na yule aliye juu, yeye anadaiwa nini?

Samurai alikuwa mtu wa mshahara

Kitu cha kwanza ambacho filme zinakipitia haraka: samurai alikuwa analipwa. Malipo yake yalihesabiwa kwa mchele, kwa kipimo kilichoitwa koku. Koku moja ni kama kilo 150 za mchele, ndiyo kusema chakula cha mtu mmoja kwa mwaka mzima. Samurai mdogo alipata koku chache, samurai mkubwa alipata mamia au maelfu. Bwana alitoa mchele, nyumba na jina. Samurai alitoa upanga wake na maisha yake. Ilikuwa kontra ya pande mbili, hata kama haikuandikwa kama zetu.

Bwana akifa vibaya au akinyang'anywa ardhi yake, samurai alibaki bila kitu. Hapo aliitwa ronin, neno linalomaanisha mtu wa mawimbi, anayesukumwa huku na kule na maji. Sisi tungesema shomeri. Ndiyo maana filme nyingi nzuri za Kijapani zinasimulia habari ya ronin. Mtu akiwa bado anapata mchele kila mwaka, ni vigumu kujua kama anapenda heshima au anapenda mchele. Mchele ukikatika, ndipo unaona tabia yake.

Mtu mweusi aliyepewa upanga

Miaka hii vijana wengi wanamfahamu Yasuke, samurai mweusi. Wengine wanadhani ni hadithi tupu ya watu wa sinema. Hapana. Yasuke aliishi kweli. Aliwasili Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, padri Mwitaliano wa shirika la Wajezuiti, shirika lilelile la mapadri wa Collège Alfajiri pale Bukavu. Juu ya kwao, padri Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Kama ni hivyo, basi ni mtu wa upande wetu huu wa Afrika, wa pwani ileile ambako Kiswahili kinasemwa mpaka leo.

Mwaka 1581 alifika Kyoto, mji mkuu wa wakati ule. Watu walisukumana kumwangalia mpaka wengine wakaumia. Oda Nobunaga, mkubwa wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote Japani, aliitisha aletwe. Hakuamini rangi yake, akaamuru aoshwe mwili ili aone kama ni wino. Kumbe ni ngozi. Mwandishi wa habari za Nobunaga, Ota Gyuichi, aliandika kwamba alikuwa kijana wa miaka kama 26 au 27, mwenye nguvu za watu zaidi ya 10. Samurai mwingine aliandika katika kitabu chake cha kila siku urefu wake: kwa vipimo vyetu, kama mita 1 na sentimita 88.

Nobunaga alimpenda. Yasuke alijua Kijapani kidogo, na mapadri wanaandika kwamba Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye. Akapewa nyumba, posho na upanga mfupi, na mara nyingine alibeba silaha za bwana wake. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama cheo chake kilikuwa cha samurai kamili. Mimi ubishi huo hauninyimi usingizi. Kwenye karieri pia tunabishana nani ni PDG wa shimo na nani ni mkubwa wa ekipe tu. Cha maana ni kile mtu anachofanya shimo likibomoka.

Na shimo lilibomoka. Tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 1582, alfajiri, jenerali wa Nobunaga mwenyewe, Akechi Mitsuhide, alimgeuka bwana wake. Alizunguka na jeshi hekalu la Honno-ji, Kyoto, ambamo Nobunaga alikuwa na watu wachache. Nobunaga alijiua ndani ya moto. Yasuke angeweza kukimbilia kwa mapadri. Si Mjapani, hana ukoo pale, bwana aliyempa mchele amekwisha kufa. Lakini alikwenda kwenye nyumba ambamo mtoto wa Nobunaga alikuwa akijihami, akapigana kwa muda mrefu. Mwishowe mtu wa Akechi alimkaribia, akamwomba upanga wake, naye akautoa.

Akechi aliulizwa wamfanye nini. Padri Luis Frois aliandika jibu lake: mtu mweusi huyu ni mnyama, hajui kitu, tena si Mjapani, msimwue, mpelekeni kwenye kanisa la mapadri. Baada ya hapo habari za hakika juu yake zinakatika.

Ndugu, soma tena jibu hilo. Huyo Akechi, aliyemsaliti bwana wake, ndiye anamwita mnyama mtu aliyebaki mwaminifu. Kumbe upanga na posho havikumpa Yasuke heshima machoni pa wakubwa. Heshima yake aliitengeneza mwenyewe asubuhi ile, saa ambayo hapakuwa tena na mtu wa kumlipa.

Tena kuna jambo lingine. Yasuke alitoa upanga, akaishi. Kwa filme nyingi, hiyo ni aibu, samurai lazima afe. Mimi ninasema hapana. Alipigana mpaka mapigano yakakosa maana. Kubaki hai baada ya kutimiza wajibu si woga. Neno hili tutalirudia chini, kwa maana kwetu linaua watu.

Yasuke wa filme: bwana amekufa, mtoto yupo

Mwaka 2021, Netflix ilitoa filme ya michoro yenye vipande sita inayoitwa Yasuke, iliyotengenezwa na LeSean Thomas, Mmarekani mweusi, pamoja na wachoraji wa Japani. Humo wameweka uchawi na mashine za vita ambazo hazikuwako. Usiitumie kujifunza historia. Lakini tabia ya mtu yule wameifikiria vizuri.

Katika filme, bwana wake akiwa karibu kushindwa anamwomba amsaidie kufa kwa desturi ya samurai. Yasuke anatii. Utii huo unamvunja. Miaka mingi baadaye tunamkuta kijijini, anavusha watu kwa mtumbwi, anakunywa pombe, upanga ameuficha. Hana bwana tena, na bila bwana hajui yeye ni nani. Sisi tunawafahamu watu wa namna hiyo: mzee aliyetumika kampuni miaka 20, kampuni ikafunga, naye akabaki kukaa mbele ya nyumba na badge ya zamani mfukoni.

Kisha mwimbaji mmoja anakuja kumwomba awapeleke kwa mtumbwi yeye na mtoto wake mgonjwa, Saki, kwa daktari wa mbali. Njiani watu wanamwinda mtoto, mama anakufa, na Yasuke anabaki na mtoto asiye wake. Hapo anatoa upanga tena.

Hapo ndipo ninapoona fundisho la filme ile. Uaminifu wa kwanza ulikuwa kwa mtu mkubwa aliyemlipa. Uaminifu wa pili ni kwa mtoto asiye na kitu cha kumpa. Wa kwanza ulimfanya mtumishi mzuri. Wa pili ndio unamrudishia utu. Heshima ileile aliyofundishwa kwa Nobunaga haikupotea, imegeuka upande. Zamani ilitazama juu tu, sasa inatazama yule aliye chini yake na aliye kando yake.

Oishi alilipa dekonte kabla ya kulipa kisasi

Hadithi ambayo Wajapani wenyewe wanaipenda kuliko zote juu ya uaminifu ni ile ya maronin 47. Mwaka 1701, bwana mmoja kijana, Asano, mwenye eneo la Ako lililohesabiwa koku 50,000, alimjeruhi kwa upanga mkubwa mwingine, Kira, ndani ya ikulu ya shogun mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo. Kutoa upanga pale lilikuwa kosa la kifo. Siku ileile aliamriwa ajiue. Ardhi yake ikanyang'anywa, na samurai wake wote wakawa mashomeri kwa siku moja.

Mkubwa wao, Oishi Kuranosuke, alingoja karibu miaka miwili. Ili maadui wasimshuku, alijifanya mlevi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1703, usiku wa theluji kama wasimulizi wanavyosema, yeye na wenzake walivamia nyumba ya Kira, wakamwua, wakapeleka kichwa kwenye kaburi la bwana wao kwenye hekalu la Sengakuji. Kisha wakajitoa kwa serikali. Watu 46 waliamriwa kujiua. Mmoja, Terasaka, askari wa miguu wa cheo cha chini, alibaki hai na akazeeka.

Mwaka 1748 walitungiwa mchezo wa kuigiza. Kwa kuwa serikali ilikataza kuigiza mambo ya wakubwa wa wakati huo, watunzi walibadilisha majina: Oishi akaitwa Oboshi Yuranosuke. Ni huyo Oboshi wa kutungwa ambaye vizazi vya Wajapani wamelia kwa ajili yake, na kutoka kwake zikazaliwa filme nyingi sana.

Watu wanakumbuka usiku wa kisasi. Mimi ninataka ukumbuke wiki za kwanza, kabla ya kisasi. Eneo la Ako lilikuwa limetoa pesa zake za karatasi. Bwana alipokufa, wafanyabiashara walikimbilia kwenye ngome wakitaka karatasi zao zibadilishwe kuwa pesa ya kweli kabla hazijawa takataka. Oishi alizibadilisha kwa sehemu 6 juu ya 10, wakati angeweza kufunga mlango tu. Kisha kukawa na swali la kugawa pesa iliyobaki kati ya wafanyakazi waliopoteza kazi. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alitaka kila mtu apewe kufuatana na cheo chake, na Oishi akasema hapana, wale wa mshahara mdogo waongezewe sehemu yao. Yeye mwenyewe mshahara wake ulikuwa koku 1,500.

Mnaona? Kabla ya upanga, Oishi alilipa dekonte final. Alianza na wadogo. Ndiyo maana miaka miwili baadaye walikuwako watu wa kumfuata gizani. Mtu haendi kufa na mkubwa aliyemwibia. Filme inakuonyesha damu juu ya theluji, lakini kilichowaunganisha watu wale kilianza kwenye meza ya hesabu.

Je, kisasi chenyewe kilikuwa kizuri? Hata Japani walibishana tangu siku ile. Watu 46 wamekufa juu ya hasira ya bwana mmoja ya siku moja. Mke na watoto waliobaki nyumbani, filme haiwapi muda mwingi. Mimi simtukuzi mtu anayepeleka wenzake kwenye kifo. Ninachukua ile meza ya hesabu, kichwa cha Kira ninawaachia wenye filme.

Jihadharini na heshima inayouzwa na mapatroni

Tuseme ukweli wote. Ile heshima ya samurai tunayoiona leo, kwa sehemu kubwa imeandikwa baada ya samurai wenyewe kwisha. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikata malipo yao ya mchele na kuwakataza kubeba panga. Kitabu kilichofanya dunia nzima ijue neno bushido, yaani njia ya mpiganaji, kiliandikwa na Nitobe Inazo na kutoka mwaka 1900, miaka zaidi ya 20 baadaye, tena kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani. Baadaye wakubwa wa jeshi walichukua neno hilo wakafundisha askari kwamba kufa kwa ajili ya mkubwa ni uzuri wenyewe. Tunajua vita vya pili vya dunia viliishaje kwao.

Na katika migodi? Pale pia. Mgodi wa shaba wa Ashio ulikuwa mkubwa sana Japani. Wachimbaji walikaa chini ya wakubwa wa kambi walioitwa kama baba. Baba huyo aliwatafutia kazi, akawalaza, akawalisha, na akakata pesa yao. Wasimamizi wadogo wa kampuni walidai rushwa ili kumhesabia mtu vizuri sehemu yake ya kuchimba. Asiyetoa, anapewa jiwe gumu kwa malipo kidogo. Februari 1907 wachimbaji walilipuka, wakavunja na kuchoma majengo, na serikali ikapeleka jeshi. Filme kuhusu upanga ni nyingi, kuhusu Ashio watu hawajui. Lakini sisi tukisikia habari ya Ashio, hatuhitaji mtu wa kututafsiria.

"Patron njo baba yetu." Ni mara ngapi tumesikia maneno hayo hapa? Yanasemwa hasa siku ambayo feranga haipo. Baba wa kweli anajua ni watoto wangapi wameshuka na wangapi wamepanda. Mkubwa anayekuomba uaminifu wa samurai, muulize kwanza kuhusu mchele wa samurai.

Wachimbaji waliojiita samurai

Sasa jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Wachimbaji wa zamani wa Japani, watu wa shimoni kama sisi, walikuwa na karatasi ya desturi yenye sheria 53 za mgodi. Walisimulia kwamba ilitolewa na shogun wa kwanza wa Tokugawa, Ieyasu, na kwamba ndani yake mchimbaji anahesabiwa kama samurai wa porini. Wasomi wengi wanaona kwamba karatasi hiyo ilitungwa baadaye. Lakini fikiri: watu waliodharauliwa, weusi kwa moshi na vumbi, walijitafutia heshima ya upanga bila kuwa na upanga.

Wakaitumia kufanya nini? Walijenga undugu ulioitwa tomoko. Kijana aliyeingia mgodini alipewa mchimbaji mzee kuwa baba yake wa kazi. Alijifunza miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi: kusoma mwamba, kushika chombo, kuweka miti ya kuzuia udongo. Akimaliza, alipewa cheti mbele ya wenzake wote. Tangu siku hiyo, akifika mgodi wowote wenye tomoko, alipokelewa, akalishwa, akalala, akatafutiwa kazi, au akapewa chakula cha njiani.

Mchimbaji akiumia au mapafu yakiharibika kwa vumbi, wenzake walichanga. Aliyeumia kabisa alipewa kitabu cha michango, akatembea nacho mgodi kwa mgodi, na kila mahali waliandika walichompa. Na baba wa kazi akifa, mtoto wake wa kazi alikuwa na deni la kumwekea jiwe la kaburi. Mawe hayo yako mpaka leo kwenye migodi ya zamani. Undugu huo uliishi karne nyingi, ukafika hata karne ya 20.

Hapo heshima ya samurai imetoka kwenye filme, imeingia kwenye kasha la msaada. Hawakusema "tutakufa kwa ajili ya bwana". Walisema hatutamwacha mwenzetu mwenye kifua kibovu afe njiani kama mbwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwetu je? Mwindo na kamba

Mzee mmoja atauliza: kwa nini kwenda mpaka Japani, sisi hatuna wetu? Tunaye. Ni Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale, hapo kaskazini yetu. Msimulizi Rureke aliitoa hadithi hiyo mwaka 1956, ikaandikwa na Mbelgiji Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ikatoka kitabuni pamoja na msomi wetu Kahombo Mateene.

Mwindo hana upanga. Anabeba usinga wa mkia wa mnyama. Baba yake, mfumu Shemwindo wa Tubondo, hakutaka mtoto mwanaume. Alijaribu kumwua kwa mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Baadaye Mwindo anarudi na wajomba wake, Tubondo inaungua, na baba anakimbilia chini ya ardhi. Mwindo anamfuata huko chini. Lakini kabla ya kushuka, anampa shangazi yake, Iyangura, ncha moja ya kamba. Anamwambia: ukisikia kamba haitikisiki tena, ujue nimekufa.

Mchimbaji gani hajui kamba hiyo?

Akimpata baba yake, hamwui. Anampandisha, anafufua watu wa Tubondo, na baba anakiri makosa yake mbele ya mkutano wa watu wote. Kisha wanagawana ufalme. Na Mwindo mwenyewe, baadaye akikosa kwa kumwua joka, anachukuliwa mbinguni kufundishwa adabu. Kwa wazee wetu, hata shujaa ana sheria juu yake, na hata mfumu anasimama mbele ya watu kusema nilikosa. Sijaona filme nyingi za samurai ambamo bwana anafanya hivyo.

Heshima inayoua na heshima inayookoa

Turudi sasa kwenye mashimo yetu. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu karibu 50 walipotea. Kila mmoja wetu huku anajua mwingine, wa karieri nyingine, ambaye hakuandikwa kwenye gazeti lolote. Na kila mmoja amesikia maneno yanayosemwa juu ya mdomo wa shimo mawingu yakiwa meusi: "Mwanaume haogopi." "Ukirudi, weye si mutu wa kazi."

Hiyo ni heshima ya filme mbaya. Inafanana na samurai anayeanguka vizuri ili watu wapige makofi. Yasuke alitoa upanga, akaishi. Terasaka alibaki hai, na kwa kawaida bado anahesabiwa kati ya 47. Kijana anayesema "leo maji yamejaa, sishuki", asichekwe. Amewaona watoto wake kuliko alivyoona makofi.

Heshima inayookoa ina kazi zake, na zote ni za mikono. Majina ya walioshuka yaandikwe juu, yahesabiwe wakipanda. Anayeshika kamba na anayeangalia motopompe wasiondoke kwa sababu yoyote, hata kama negosia amefika na pesa. Uzalishaji ukigawanywa, sehemu ya aliyeumia itoke kwanza, kama meza ya Oishi, na mama wanaotwanga mawe wasihesabiwe mwisho. Kijana mpya apewe mzee mmoja wa kumfundisha, asiachwe ajifunze kwa kuumia. Kila ekipe iwe na kasha, na daftari lake lisomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Sheria ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka wachimbaji wa mikono wawe ndani ya kooperative. Kooperative yenye daftari lililofichwa ni Akechi mwingine, amevaa shati safi.

Kwa hiyo, vijana, endeleeni kuangalia filme zenu. Ni nzuri, mimi pia ninaangalia. Lakini kila mara samurai anapopiga magoti mbele ya bwana wake, jiulizeni: bwana huyu amefanya nini kwa mdogo kuliko wote katika nyumba yake? Na kabla ya kuteremka asubuhi, kabla hata ya kuangalia kama torchi inawaka, uliza nani leo ameshika kamba. Kama jibu ni mtu unayejua hataiachia, shuka. Kama hakuna jibu, kaa juu.